Hewa ndani ya banda la kuku: pazia, paa, maranda na ile harufu ya mkojo ya alfajiri

#1 FundiKenchi

Salaam wakuu. Karibu kila wiki humu kuna anayeulizia dawa ya kuku wanaokoroma na kutoa machozi, na picha ya banda ikiwekwa unakuta viroba vimepigiliwa toka tofali la chini hadi kwenye bati. Ngoja tuwe na uzi mmoja wa hewa. Mwenye ujuzi aongeze, na wanaouliza tuwaelekeze hapa.

Naanza na jambo linalochanganywa sana. Hewa na upepo ni vitu viwili. Kuku anahitaji hewa safi usiku na mchana, tangu siku anapototolewa. Upepo wa kumpiga mwilini anauhitaji akiwa mkubwa na siku ikiwa ya joto. Kifaranga hauhitaji kabisa. Mfugaji anayeogopa upepo huziba banda, na akishaziba upepo ameziba na hewa. Banda zuri huvitenganisha: hewa inapita juu ya vichwa vya kuku, upepo hauwafikii mpaka mwenye banda autake.

Na kitu gani hasa kinatakiwa kitoke ndani? Wengi hutaja harufu. Kikubwa zaidi ni maji. Kuku wa nyama 500 wa wiki ya tano hunywa lita 100 hadi 150 kwa siku, joto likipanda wanazidisha. Sehemu ndogo hubaki mwilini, iliyobaki hurudi bandani kwa pumzi na kinyesi. Chukulia kila siku unamwaga madumu kama matano ya lita 20 humo ndani. Maji hayo yasipobebwa na hewa yanaishia kwenye maranda. Maranda yakilowa, bakteria wanaivunja asidi ya yuriki iliyomo kwenye kinyesi (ule weupe unaouona juu yake), na hapo ndipo amonia inapozaliwa. Ndiyo maana kupulizia marashi ya banda hakujawahi kumaliza harufu.

Vipimo vya kukumbuka: amonia isizidi sehemu 25 kwa milioni moja ya hewa, na ikiwa chini ya 10 ni bora zaidi. Ikikaa kwenye 25, vinyweleo vidogo vya kwenye koromeo la hewa vinavyofagia vumbi na vijidudu vinaharibika, na mafua yanapata njia. Ikifika 50 kwenda juu macho yanavimba, kuku anafumba jicho na kulisugua kwenye bega.

Pua ya binadamu ni kipimo kizuri kwa dakika chache tu, baada ya hapo inazoea. Mfanyakazi anayelala jirani na banda hawezi kukwambia kama linanuka. Mlete mtu wa nje, aingie alfajiri kabla pazia halijafunguliwa, achuchumae mpaka kichwa kiwe usawa wa kuku, akae hapo dakika mbili. Macho yakimwasha, kuku wamekesha kwenye sumu. Ukipima ukiwa umesimama saa 5 asubuhi pazia zote zikiwa wazi, hujapima kitu.

Kwa anayejenga upya:

Urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi, kuta fupi za mwisho zizibwe, jua la asubuhi na la jioni lisiingie. Kwa pwani mpango huu una faida ya pili. Kaskazi ikivuma kuanzia Desemba inapiga ubavu mmoja, kusi ikija baada ya masika inapiga ubavu wa pili. Bara, kama upepo wa kwako unatoka mashariki moja kwa moja, ligeuze banda kidogo ili upepo uupige ubavu kwa mshazari, kisha ongeza upenu kufidia jua.

Upana usizidi mita 8 au 9 kama hutegemei feni. Ukizidi hapo, katikati panakuwa na hewa iliyolala hata kama pembeni nyasi zinapepea. Ukuta wa tofali pembeni uishie sentimita 45 hadi 60, juu yake wavu mpaka kwenye upenu. Kimo pembeni kisipungue mita 2.4, joto la pwani linataka 2.7 au 3. Upenu uwe mita 1 au zaidi, kwa sababu upenu mfupi ndio unaokulazimisha kufunga pazia kila mvua ikinyesha.

Kati ya banda na banda acha mita 10 au 15. Banda la pili likibanana na la kwanza linavuta hewa chafu ya jirani yake.

---

#2 Mama Chotara

Asante sana fundi, nimekuwa nausubiri uzi wa hivi. Banda langu ni mita 6 kwa 15, paa la mgongo na kofia (bati la kufunika mgongo) imefungwa, wavu una kimo cha mita 1.5 pande zote mbili. Viroba vimepigiliwa juu, tunavikunja kutoka chini. Alfajiri harufu inauma na bati linadondosha maji kama vile mvua imenyesha. Mwezi ujao naingiza vifaranga 600 vya chotara. Kwa hela kidogo nianzie wapi?

---

#3 FundiKenchi

Mama Chotara, maji ya kwenye bati ni yale ya kwenye madumu niliyoyataja, mvuke umekosa pa kutokea ukageuka matone juu. Anza na pazia, gharama yake ni kamba na siku moja ya kazi.

Kiroba kilichopigiliwa juu na kukunjwa kutoka chini kimegeuzwa. Ukikifungua kidogo, mwanya unatokea chini, usawa wa mgongo wa kifaranga, na baridi yote inamwagikia hapo. Kwa kuliona hilo unafunga chote. Pazia linatakiwa lishikiliwe chini na lifunguke kutoka juu. Mwanya ukiwa juu, hewa baridi inaingia karibu na paa, inachanganyika na hewa ya moto iliyopanda, ndipo inashuka ikiwa imepata uvuguvugu.

Kwa banda lako inakuwa hivi:

1. Ng'oa misumari ya juu. Pazia likae nje ya wavu. Kimo chake kiwe mita 1.5 ya wavu, sentimita 15 za kushuka juu ya tofali, na kama 15 nyingine za pindo la juu.
2. Makali ya chini yabane kwenye ukuta kwa ubao mwembamba wa urefu wote, siyo msumari mmoja mmoja. Msumari peke yake unachana turubai upepo wa kwanza.
3. Kwenye pindo la juu pitisha bomba la chuma la nusu inchi au mianzi iliyonyooka. Bomba la plastiki linapinda jua likiwaka, pazia linaning'inia kama nguo iliyoanikwa.
4. Kila mita 3 funga kapi chini ya upenu, sita kila upande kwa urefu wa mita 15. Kamba ya nailoni ya milimita 6 itoke kwenye bomba, ipande kwenye kapi, ipite usawa wa upenu hadi mwisho wa banda. Kamba zote sita zikutane kwenye kamba moja kubwa. Ukiivuta pazia linapanda lote kwa pamoja, ukiilegeza linashuka.
5. Nje zungusha kamba ya zigizaga toka upenuni hadi kwenye tofali, pazia lipite kati yake na wavu. Bila hiyo, usiku wa upepo turubai linapigapiga na kuku hawalali.
6. Kwenye ncha mbili weka mkanda wa turubai wa sentimita 30 uliopigiliwa ukutani, ncha ya pazia iingie ndani yake kama mfukoni. Pembe ndizo zinazovujisha baridi.

Usiku wa baridi kuliko wote, juu kubaki na mwanya wa kiganja, sentimita 10 hadi 15. Hiyo haifungwi. Weka fundo kwenye kamba kubwa ili hata mfanyakazi akivuta kwa nguvu zote pazia lisipite hapo.

Baada ya pazia, paa. Ondoa kofia. Kata bati sentimita 15 kila upande wa mgongo upate uwazi wa sentimita 30 kwa urefu wote wa banda. Juu ya kila kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa) simamisha vipande vya 2×4 vya sentimita 30, weka juu yake kipaa kidogo kinachozidi uwazi kwa sentimita 30 au zaidi kila upande, na pembeni ziba kwa wavu. Hewa ya moto inapanda na kutoka yenyewe hata siku ambayo jani halitikisiki. Kosa la mafundi wengi ni kukifanya kipaa kiwe kifupi kuokoa bati, mvua ya upepo inaingia, mwenye banda anaziba kwa gunia, na kazi yote imepotea.

Wenye paa la mteremko mmoja hamhitaji haya. Acheni uwazi chini ya bati upande ule mrefu, na upande huo usielekee kule mvua inakotokea.

---

#4 broila_kibaha

Naongezea kwenye #3. Viroba vya sandarusi jua linavila, ndani ya msimu vinakuwa unga unaoanguka kwenye chakula cha kuku. Kama uwezo upo nunua turubai. Na pazia likishushwa likajikunja juu ya tofali, mkunjo unakuwa nyumba ya panya na dimbwi la maji ya mvua. Lipandishe na kulishusha lote angalau mara moja kwa siku.

Kingine ni wavu wenyewe. Watu wanafunga chandarua kuzuia ndege. Matundu yale ni madogo, vumbi na manyoya yakishika wiki mbili umepata ukuta. Tumia wavu wa nusu inchi, shomoro hapiti, panya mkubwa hapiti, hewa inapita. Upigwe ufagio mkavu kila wiki. Ukiona wavu umekuwa wa kijivu ujue umeshaanza kuziba.

---

#5 Dkt wa Kata

Fundi amemaliza ya ujenzi. Mimi nataka kusema kuhusu bruda, yaani sehemu ya kulelea vifaranga kwa joto, maana hapo ndipo hewa inapoua kwa haraka.

Jiko la mkaa linatoa kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, haikohozeshi. Vifaranga wanalegea, wanasinzia mchana, asubuhi unakuta wamekufa wengi kwa mkupuo bila kuhara wala kukoroma, na ukipasua damu ni nyekundu angavu isivyo kawaida. Watu wanasema ni "chanjo mbaya" au "vifaranga dhaifu".

Mnaambiwa mkaa uwashiwe nje mpaka moshi uishe. Ni sahihi, lakini nusu. Moshi ukiisha macho hayawashi tena, gesi ile bado inatoka mkaa ukiwa mwekundu. Kwa hiyo hata mkaa uliokolea unahitaji mwanya wa juu wazi. Na mtu asilale ndani ya chumba cha bruda ya mkaa kwa kisingizio cha kuchochea moto. Hii gesi haichagui kuku na mtu.

Njia ya kupata joto bila kuziba hewa ni kupasha joto vifaranga, siyo banda. Tengeneza duara la kadibodi au bati, kimo sentimita 45, libane lilingane na idadi yao, kisha ulipanue kila siku chache. Juu ya sehemu ya duara weka kifuniko kinachoshikilia joto, acha sehemu nyingine wazi, kifaranga achague mwenyewe. Joto chini ya kifuniko, usawa wa mgongo wake, liwe nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, halafu punguza nyuzi 2 au 3 kila wiki. Kipimajoto kinachoning'inia usawa wa macho yako kinapima joto lako wewe.

Taa zile nyekundu za wati 250 hazili hewa. Gesi inakula hewa na inatoa mvuke, kwa hiyo nayo inataka mwanya.

Halafu Mama Chotara, tupige hesabu. Mita 6 kwa 15 ni mita 90 za mraba. Kuku 600 ni karibu 7 kwa kila mita. Wakiwa vifaranga hakuna shida. Chotara wakikua, 5 ndiyo idadi nzuri, 6 ndiyo mwisho. Hakuna pazia litakaloshinda hiyo. Ama uingize 500, ama ujue mapema ni wiki gani utauza majogoo.

---

#6 MkulimaLimuru

Mambo wadau, nawasalimu kutoka Kenya. Haya yote ni mazuri kwa watu wa joto. Huku Limuru mwezi wa Julai ukungu unaingia saa kumi na moja jioni na hautoki hadi saa nne asubuhi. Ukiniambia niache mwanya usiku kucha vifaranga watalaliana na kufa. Mimi nashauri watu wa baridi wafunge kabisa wiki tatu za kwanza.

---

#7 Dkt wa Kata

Ndugu yangu wa Limuru, ninyi ndio mnaouhitaji mwanya huo kuliko mtu wa Tanga. Mko juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, oksijeni tayari ni haba. Kuku wa nyama anayekua haraka, kwenye baridi, ndani ya banda lililozibwa, moyo wake unasukuma damu kwa nguvu kupita kwenye mapafu mpaka upande wa kulia unashindwa. Maji yanajaa tumboni. Ukiona broila wa wiki ya nne au ya tano tumbo limevimba na linachezacheza kama mfuko wa maji, kishungi kimekuwa cha bluu, ndiyo hiyo. Haina dawa ya kumrudisha. Njombe na Makete wanalifahamu tatizo hili pia.

Kulaliana kunatokana na upungufu wa joto pale walipo, au baridi inayopita chini. Maliza hayo mawili. Washa bruda saa 24 kabla vifaranga hawajafika, sakafu na maranda vipate moto, kwa sababu sakafu baridi ya saruji inamnyonya kifaranga joto kupitia miguuni. Maranda yawe sentimita 8 hadi 10. Ziba kila tundu lililo chini ya kiuno chako. Lililo juu liache.

Na ukungu ukiondoka, mchana saa 6 hadi saa 9, shusha pazia zaidi hata kwa saa mbili. Hewa ya saa hizo ndiyo kavu, ndiyo inayobeba maji ya jana yaliyobaki kwenye maranda. Broila wa huko wasikimbizwe sana kwa chakula wiki ya pili na ya tatu. Kuwapunguzia kidogo kunaupa moyo nafasi.

---

#8 MkulimaLimuru

Sawa daktari, hapo kwa kiuno nimeelewa. Lakini hewa ya baridi si ina unyevu mwingi, hasa ya ukungu? Itakaushaje banda?

---

#9 FundiKenchi

Swali zuri. Hewa ya baridi, hata ikiwa imeshiba ukungu, imebeba maji machache kwa kipimo chake. Ikiingia ndani ikapata moto, uwezo wake wa kubeba maji unaongezeka sana, inaanza kufyonza. Ndiyo sababu nguo inakauka karibu na jiko hata siku ya mvua, mradi mlango haujafungwa. Joto bila kutoa hewa halikaushi, linahamisha maji kutoka kwenye maranda kwenda kwenye bati, na kutoka kwenye bati yanarudi kwenye maranda.

---

#10 TangaLeya

Sisi wa joto tusisahauliwe. Huku mwezi wa pili bati linawaka, kuku wamepanua midomo saa 4 asubuhi. Nimeona watu wananunua feni za kunyonya wanaweka mwisho wa banda. Zinasaidia? Na kupulizia maji je?

---

#11 UmemeMashambani

Feni ya kunyonya kwenye banda la wavu ni hela ya bure kwa shirika la umeme. Hewa ina uvivu, inaingia kwenye tundu lililo karibu zaidi na feni, inatoka. Mita tatu kutoka hapo hakuna kinachotikisika. Feni za kunyonya ni za mabanda yaliyofungwa pande zote, hewa ikilazimishwa kuingia mwisho mmoja na kutoka mwisho mwingine. Mabanda hayo umeme ukikatika mchana wa joto, kuku wanaanza kufa ndani ya nusu saa au chini yake, kwa hiyo bila jenereta inayojiwasha na king'ora mtu asiyaguse.

Banda la wavu linataka feni ya kusukuma, ya inchi 36, mota ya nusu nguvu ya farasi. Moja kila mita 12, zikielekea upande mmoja, na upande huo uwe ule unaokwenda upepo wa asili. Ukizielekeza kinyume cha kusi unapigana na bahari. Ukingo wa chini wa feni uwe kama mita 1 kutoka kwenye maranda, na feni iinamishwe kidogo chini ili hewa iguse migongo. Feni za darini za nyumbani zinachanganya hewa, hazitoi mbio ya kutosha. Zile za kusimama mezani ndizo hatari: mota iko wazi, vumbi la manyoya linaingia, inapata moto, na chini yake kuna maranda makavu. Nunua yenye mota iliyofungwa, kila feni iwe na swichi yake ya kujikata, na bawa lipanguswe kila wiki. Vumbi kidogo kwenye bawa na kwenye wavu wa feni linapunguza hewa kuliko mnavyodhani.

Vile vitufe vinavyozunguka juu ya paa sivipingi, ila upepo ukilala navyo vinalala, yaani saa ileile unayovihitaji. Uwazi wa mgongo wa paa aliouelezea fundi unafanya kazi zaidi.

Kupulizia maji: Dodoma na Singida ndiyo, hewa ni kavu, tone linageuka mvuke na kuondoka na joto. Tanga, Dar, Mombasa, Unguja, hapana, au kwa uangalifu mkubwa sana na feni ikiwa inavuma. Kuku hatoi jasho, anajipoza kwa kuhema, unyevu wa koo ukigeuka mvuke. Hewa ikiwa imeshashiba maji, mvuke hauondoki kooni. Ukiongeza ukungu wa maji umemziba njia pekee aliyokuwa nayo.

---

#12 FundiKenchi

Na kabla ya feni, ua joto la bati. Makuti juu ya bati, au bati kupakwa rangi nyeupe kwa nje, vyote vinapunguza joto linaloshuka mgongoni kwa kuku. Dari ya magunia siishauri, panya wanahamia na inaziba mgongo wa paa.

Halafu toka nje utazame kinachoziba upepo wenyewe. Migomba iliyopandwa ubavuni, nyasi zilizofika kiunoni, ukuta wa fensi mita 2 kutoka kwenye wavu, magunia ya chakula yaliyopangwa kwenye upenu. Mti wa kivuli uwe na shina refu, matawi ya chini yakatwe: mnazi ni mzuri, mwarobaini uliopogolewa ni mzuri. Mwembe wenye matawi hadi chini ni pazia lisilofunguka.

---

#13 Dkt wa Kata

TangaLeya, saa 4 asubuhi ondoa vyombo vya chakula, virudishe saa 10 jioni. Kusaga chakula kunazalisha joto mwilini, na joto hilo lisikutane na jua la saa 8. Fidia alfajiri mapema na usiku kwa mwanga. Maji yasikose hata dakika moja, tangi liwe kivulini na bomba lifukiwe. Maji ya moto kuku hayanywi.

---

#14 broila_kibaha

Tumeruka maranda. Kipimo cha mkono: chota katikati ya banda na karibu na vyombo vya maji, bana kwa nguvu, achia. Yakibaki donge, yamelowa. Yakishikana kidogo kisha yakaachana, hapo hapo. Yasiposhikana kabisa na mkono ukabaki na vumbi, yamekauka mno, na vumbi hilo nalo linaingia mapafuni.

Ukikuta donge karibu na vyombo tu, shida ni vyombo: ukingo wa chombo uwe usawa wa mgongo wa kuku, unapandishwa kadiri wanavyokua. Ukikuta donge kila mahali, shida ni hewa au msongamano. Palipolowa toa kwa koleo, weka makavu, usichimbechimbe na kuchanganya na kuku wakiwa ndani pazia zikiwa zimefungwa, amonia yote iliyolala inapanda kwa mara moja. Kugeuza maranda ni mchana, pazia chini.

Kwa harufu watu wanamwaga chokaa, inakausha haraka.

---

#15 Dkt wa Kata

Hapo kwa chokaa nasimama, mkuu. Amonia inatoka kwa wingi maranda yakiwa na hali ya chokaa, inabaki imefungwa yakiwa na hali ya ndimu. Kumwaga chokaa juu ya maranda yaliyolowa na kuku wakiwa ndani ni kuifukuza amonia yote ije hewani siku hiyohiyo. Harufu inapanda kwanza, kisha inapungua kwa sababu imeshatoka, imepita kwenye macho na koo la kuku. Chokaa ipakwe sakafuni na kwenye kuta banda likiwa tupu, ikauke, ndipo maranda mapya yamwagwe.

Kinachofunga amonia ni shabu, ileile ya kutakasia maji, ikiwa ya unga. Karibu nusu kilo kwa mita moja ya mraba, inachanganywa na maranda kabla kuku hawajaingia. Kwa banda la mita 90 ni kilo 45, kwa hiyo piga hesabu. Mara nyingi gunia chache za maranda makavu ni nafuu zaidi.

Na maranda yenyewe yanusweni kabla hamjanunua. Yakiwa na harufu ya uvundo au weupe wa ukungu yaacheni, ukungu ule unaota kwenye mapafu ya kifaranga, anahema mdomo wazi kama mwenye mafua na dawa za mafua hazimsaidii. Yaliyotoka kwenye mbao za dawa pia yaacheni. Unga laini wa msumeno siyo maranda, vifaranga wanaula. Pumba za mpunga zinafaa.

---

#16 broila_kibaha

Nimekubali kuhusu chokaa, daktari. Basi wengi tunakosea.

---

#17 Mama Chotara

Jamani asanteni, nimepunguza oda hadi 500. Pazia upande wa kusini limeshageuzwa, la kaskazini ni kesho, kofia fundi anakuja Jumamosi. Nitajuaje kama hewa inapita inavyotakiwa kabla vifaranga hawajaingia?

---

#18 FundiKenchi

Chukua vijiti vya udi, vitatu au vinne. Usiku, washa bruda banda lipate moto, pazia zikiwa kwenye fundo la mwisho. Shika udi karibu na mwanya wa juu: moshi uingie ndani ukielekea katikati ya paa. Ukishuka wima ukutani, mwanya ni mkubwa mno au ndani hakuna joto la kutosha. Peleka chini ya mgongo wa paa: moshi upande na kutoka. Ukizunguka hapohapo, kipaa chako kimekaa chini mno, kiinue.

Mwisho uweke sakafuni katikati ya duara la bruda, na kwenye pembe nne za banda. Hapo moshi usimame wima kama uzi. Ukilala upande mmoja kuna tundu chini ya kiuno, fuata unakotokea mpaka ulione. Mara nyingi ni chini ya mlango. Ubao wa sentimita 30 kwenye kizingiti unamaliza hilo, na unazuia vifaranga wasitoke mlango ukifunguliwa.

---

#19 Mama Chotara

Ni chini ya mlango kweli, mwanga unapita. Namwambia fundi aje na ubao.